Betri ya gari la umeme inapochoka Mtwara: dalili, vyanzo na namna ya kupima

Mwezi wa Novemba, jua likiwa limeanza kuchoma lami tangu saa mbili asubuhi, mwalimu mmoja mstaafu anayeishi Shangani aliniletea gari lake aina ya Nissan Leaf, lile la betri ya yuniti 24, akiwa na lalamiko moja tu: gari lililokuwa likimfikisha Lindi sasa linamwishia Mingoyo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na kabla sijafungua mlango wa gari akaniwekea sharti.

"Fundi, usiniambie betri imekufa. Hilo nimeshaambiwa kijiweni mara kumi."

"Sijapima, Mwalimu," nikamjibu. "Nikishapima ndipo nitakuwa na la kusema."

Kisa cha Mwalimu nitakirudia mara kadhaa, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa wanalolifanya wapenzi wa magari haya. Ninawaita wapenzi bila kejeli yoyote. Mtu aliyeagiza gari la umeme kutoka Japani, akalileta katika mji ambao mafundi wengi walimwambia wazi kwamba hawataligusa, amekwisha kuyagharamia mapenzi yake, na si ajabu akiwa mkali anaposikia betri ikisemwa vibaya. Tabu ni kwamba kijiweni kuna kambi mbili tu: wanaosema betri hizi hufa baada ya miaka mitatu, na wanaosema hazifi kamwe, kwamba bodi itaoza kwa chumvi ya bahari kabla betri haijachoka. Betri yenyewe haimo katika kambi yoyote. Huchoka kidogo kidogo, kwa kasi inayotegemea joto, kiwango cha chaji inachokaa nacho na aina ya seli zake, na uchovu huo unapimika kwa vifaa ambavyo vingi tayari viko nyumbani kwa mwenye gari.

Ninapoandika yuniti nina maana ile ile ya LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, yaani kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Mpangilio ninaoufuata ni wa kuanza na kile kisichogharimu kitu, kwa kuwa nimeona watu wakiulizia bei ya betri nzima kwa tatizo lililohitaji spana namba kumi.

Gari haliwaki na dashibodi imejaa taa za onyo

Gari la umeme lina betri mbili. Ile kubwa iliyolala chini ya sakafu ndiyo inayozungusha mota, lakini ile ndogo ya volti 12, ya risasi na asidi kama ya gari lolote, ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga relei kubwa zinazoiunganisha betri kuu na mota. Betri ndogo ikilegea, gari lenye yuniti 20 tumboni halitasogea hata hatua moja, na taa za onyo zitawaka kwa mchanganyiko usioleta maana: breki, usukani, mfumo wa umeme, vyote kwa pamoja. Watu wengi wakiona hivyo huhitimisha kwamba betri kuu imekwisha.

Pima volti za betri ndogo gari likiwa limepumzika kwa saa kadhaa. Ikiwa ni 12.6 au karibu na hapo, betri ni nzima na uchunguzi uhamie kwingine. Ikiwa imeshuka chini ya 12, ichaji kwa chaja ya kawaida, uiache usiku mmoja, kisha upime tena. Ikiwa imeshuka yenyewe bila kutumika, ibadilishe. Joto la pwani huzimaliza betri za risasi mapema, na hili halihusiani na gari kuwa la umeme. Niliwahi kuitwa Chikongola usiku na kijana aliyekuwa ameshakubaliana na dalali bei ya kuliuza gari lake kama chuma chakavu. Kichwa kimoja cha betri ndogo kilikuwa kimelegea na kuota ukungu wa kijani. Tulikisugua kwa msasa, tukakikaza, gari likawaka, na yule dalali akaondoka bila kuaga.

Mwendo umepungua

Hapa ndipo penye malalamiko mengi, na ndipo panapohitaji subira, maana mwendo mfupi una vyanzo vingi na betri ni kimoja tu kati ya hivyo.

Jambo la kwanza ni kuacha kuiamini namba ya kilomita inayoonekana kwenye dashibodi. Namba hiyo ni makisio yanayotokana na jinsi gari lilivyoendeshwa muda mfupi uliopita, na hubadilika kama mtu anayebadili maneno kila anapoulizwa. Ukitoka Mtwara kwenda Newala, ukaanza kupanda uwanda wa juu wa Wamakonde, namba itaporomoka kwa sababu gari linadhani safari yote iliyobaki ni mlima. Ukirudi, mota hugeuka jenereta kwenye mteremko na kurudisha umeme kwenye betri, na namba hupanda tena hadi mtu akajiona mshindi. Nyongeza moja kuhusu njia hiyo: aliyechaji hadi asilimia 100 akiwa Newala kisha akaanza kushuka hana pa kuuweka umeme unaorudi, na kazi yote ya kulizuia gari huziangukia breki za kawaida. Huko juu inatosha kuchaji hadi 80.

Jambo la pili ni kutazama vitu vinavyokula umeme njiani. Pima upepo wa matairi asubuhi kabla gari halijatembea, ulinganishe na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango. Leaf hutaka upepo wa 36, na gari la Mwalimu lilikuwa na 24 kwa matairi ya nyuma, kwa kuwa kijana wa gereji alikuwa akijaza kwa macho. Baada ya safari fupi usiyotumia breki sana, shika rimu zote nne kwa kiganja. Iliyo na moto kuliko wenzake ina breki inayong'ang'ania au beringi iliyokwisha. Kiyoyozi nacho katika jua la Novemba huweza kula kilowati moja mfululizo, na kwa safari ya saa mbili hizo ni yuniti mbili, yaani zaidi ya kilomita kumi zilizoyeyuka bila kosa la betri. Sisemi mtu apande gari huku anatokwa jasho. Ninasema auhesabu umeme huo.

Baada ya kujaza upepo, Mwalimu alipata nafuu kidogo, lakini Lindi bado ilikuwa mbali. Hapo ndipo tulipopima betri yenyewe, kwa njia ambayo mtu yeyote mwenye mita ya LUKU anaweza kuifuata.

Endesha gari hadi betri ibaki na takriban asilimia 20. Usiku zima kila kitu ndani ya nyumba kinachovuta umeme mwingi, andika yuniti zilizobaki kwenye mita, kisha chaji hadi 100 na uandike tena. Kwa Mwalimu tulianza saa tatu usiku, friji na pampu ya maji vikiwa vimezimwa, jambo ambalo mama mwenye nyumba alilikubali kwa shingo upande. Chaji ilikamilika karibu na saa tisa usiku. Asubuhi alinionyesha daftari la shule lenye mistari, ambamo alikuwa ameandika namba mbili kwa mwandiko wa ubaoni na chini yake tofauti: yuniti 14.

Yuniti hizo hazikuingia zote kwenye betri. Chaja hupoteza sehemu kama joto, na kwa uchaji wa polepole wa nyumbani mimi hukata asilimia 12, ingawa kwa waya mbaya huzidi. Zikabaki 12.3. Kwa kuwa tulijaza asilimia 80 ya betri, tuligawa 12.3 kwa 0.8, tukapata yuniti 15.4 kwa betri nzima. Leaf ya yuniti 24 ikiwa mpya huruhusu dereva kutumia takriban yuniti 21 na nusu, kwa kuwa kompyuta huficha akiba ya kuilinda betri. Kwa hiyo betri ya Mwalimu ilikuwa imebaki na asilimia 72 hivi ya uwezo wake. Kwa uendeshaji wake wa kilomita sita na nusu kwa yuniti, huo ni mwendo wa kilomita 100, ilhali kutoka Mtwara hadi Lindi ni zaidi ya hapo kidogo. Mingoyo iko kwenye kilomita 80 na kitu. Gari halikuwa likimdanganya.

Mwalimu alitazama hesabu kwa muda, akaisahihisha desimali moja niliyoiandika vibaya, kisha akasema, "Sasa hapo tumeongea. Si imekufa, wala si nzima."

Leaf ina kipimo kingine kinachosaidia kuhakiki hesabu hii: vistari 12 vilivyosimama pembeni mwa kipimo cha chaji, ambavyo huonyesha uwezo wa betri wala si kiasi cha chaji kilichopo. Kistari cha kwanza hupotea uwezo ukiwa umepungua kwa takriban asilimia 15, na kila kinachofuata huondoka kwa asilimia sita na kidogo. Gari la Mwalimu lilikuwa na vistari 9, na hilo lilikubaliana na daftari. Yasipokubaliana, yaani vistari vyote 12 viko lakini mita ya LUKU inasema yuniti 15, shuku kwamba kuna mtu aliyefuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri kabla ya kuliuza gari. Ujanja huo upo, na vistari vilivyorudishwa hivyo huanza kuanguka kimoja kimoja baada ya wiki chache za matumizi. Anayenunua gari lililotumika asikubali kuonyeshwa vistari peke yake; aombe kuliendesha kutoka kwenye chaji kamili hadi chini, hata kama ni kuzunguka Mikindani na kurudi mara nne.

Kama mtu ana kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani, pamoja na programu ya LeafSpy kwenye simu, atapata asilimia ya uzima wa betri moja kwa moja. Ni kifaa kizuri, nami ninacho. Lakini nacho kinasoma kile ambacho kompyuta ya betri inakiamini, na kompyuta hiyo hukosea. Leaf za yuniti 30 za awali zilijulikana kwa kuripoti uchovu mkubwa kuliko uliopo, hadi mwaka 2018 ilipotolewa programu ya kuzisahihisha. Mita ya LUKU haina upande.

Asilimia zinaporomoka ghafla

Dalili hii ni tofauti na mwendo mfupi, na chanzo chake ni tofauti. Gari linasoma 35, unapita mwinuko mmoja, linasoma 18, na huenda picha ya kobe ikawaka huku gari likikataa kuvuta. Ukisimama kidogo, asilimia hupanda tena. Betri iliyochoka kwa usawa haifanyi hivyo. Inayofanya hivyo ni betri yenye seli moja au mbili dhaifu miongoni mwa wenzake.

Leaf ya yuniti 24 ina moduli 48, na ndani yake seli 192 zilizofungwa mbili mbili, na jozi hizo 96 zikapangwa mfuatano. Kwa kuwa umeme wote hupita katika kila jozi, jozi dhaifu kuliko zote ndiyo inayoamua lini gari lisimame, hata kama nyingine 95 zina nguvu. Ni kama kupakua magunia ya korosho kwa kupokezana mkononi: msururu hauendi kwa kasi ya mwenye nguvu.

Kwa LeafSpy tazama volti za jozi zote 96 gari likiwa limetulia, kisha mtu mwingine aliendeshe kwenye mwinuko wakati chaji iko chini ya asilimia 30 huku wewe ukitazama simu. Seli nzima hupishana kwa milivolti chache sana, labda 10 au 20. Jozi inayozama zaidi ya milivolti 100 chini ya wenzake mota inapovuta, kisha ikarudi gari linapotulia, ndiyo yenye kasoro. Kabla ya kuihukumu, kumbuka kwamba kiunganishi kilicholegea au chenye kutu kati ya moduli mbili huleta dalili zile zile, na kiunganishi husafishwa tu.

Moduli inaweza kubadilishwa moja moja, lakini inayowekwa lazima iwe na uwezo unaokaribiana na zilizopo na iwe imechajiwa hadi volti sawa nazo. Kuweka moduli mpya kabisa katikati ya wazee hakurudishi ujana wa betri. Kazi hii si ya kujifunzia. Jozi 96 zilizochajiwa hutoa karibu volti 400 za umeme wa mkondo mnyoofu, unaoua bila kumpa mtu nafasi ya kuachia. Kuna plagi ya usalama kwenye sakafu mbele ya kiti cha nyuma, ambayo hung'olewa kwanza, kisha husubiriwa dakika 10 ili kapasita zimwage umeme wake, na glavu zinazotumika ni za mpira zilizopimwa kwa volti 1,000, wala si zile za kuoshea vyombo ambazo nilimkuta nazo fundi mwenzangu mmoja. Yeye yu hai, na sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Katika magari mapya zaidi, hasa yanayotoka China, kuna dalili inayofanana na hii ambayo haina ugonjwa nyuma yake. Seli zake ni za lithiamu na fosfeti ya chuma, na volti zake hubaki karibu 3.2 kwa sehemu kubwa ya chaji, kwa hiyo kompyuta hushindwa kujua kwa uhakika iko wapi na makisio yake hupotoka taratibu. Mwenye gari hulichaji kila siku hadi 80 kwa utiifu, kwa kuwa ameambiwa 80 ndiyo afya, na siku moja asilimia 25 inageuka 8 akiwa njiani. Dawa ni kuchaji hadi 100 mara moja kwa wiki au kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, ili kompyuta ipate pa kuanzia kuhesabu. Hapa wapenzi wa magari hukosana sana, kila mmoja akitetea kanuni ya gari lake kana kwamba ni ya magari yote. Kanuni hufuata aina ya seli.

Chaji haipandi, au inakatika usiku

Anza na waya. Waya uliokuja na gari kutoka Japani umetengenezwa kwa umeme wa volti 100 au 200, na wetu ni 230. Soma kibandiko cha kisanduku chake kabla ya kuuchomeka kwa kutumia adapta ya dukani, kwa sababu wa volti 100 utaungua, na ukibahatika utaungua peke yake.

Pili, shika plagi baada ya nusu saa ya kuchaji. Uvuguvugu si tatizo. Ikiwa huwezi kuishikilia, soketi imelegea au waya wa ukutani ni mwembamba. Gari huvuta ampea 10 kwa saa nane au kumi mfululizo, kazi ambayo soketi ya pasi haikuzoea kuifanya, na ekstensheni iliyoviringishwa kwenye kigurudumu chake hugeuka jiko. Weka soketi ya gari peke yake, yenye waya wa milimita 4 na sakiti breka yake.

Tatu ni erthi, na hapa pwani yetu ina tatizo lake. Kisanduku cha kuchajia hupima waya wa ardhini kabla ya kuruhusu umeme, na kisipouona hukataa, mara nyingi kwa taa nyekundu isiyoelezwa. Nyumba zilizojengwa juu ya mchanga, kama nyingi za Shangani, huwa na fimbo ya erthi inayofanya kazi wakati wa masika na kugoma kiangazi, kwa sababu mchanga mkavu haupitishi umeme. Kama gari linachaji vizuri wakati wa mvua na kukataa Septemba, usifungue gari. Ongeza fimbo, au izamishe hadi ifikie udongo wenye unyevu. Wapo wanaoidanganya mashine kwa kuunganisha erthi na nyutro ndani ya plagi. Hao wanamweka mtu atakayegusa mlango wa gari akiwa miguu mitupu katika hatari ambayo hakuiomba.

Ukikuta pini za tundu la kuchajia zimebadilika rangi na kuwa za kijani, ni chumvi. Zisafishe umeme ukiwa umezimwa, na ufunge kifuniko kila mara. Anayevuka na gari kwa kivuko cha Msangamkuu asiliache maji ya bahari yakalifikia tumboni. Betri imezibwa, ndiyo, lakini baada ya kimbunga Ian kule Florida mwaka 2022, magari ya umeme yaliyozama katika maji ya chumvi yaliwaka moto, mengine siku kadhaa baada ya maji kuondoka. Gari lililozama baharini liegeshwe mbali na nyumba, na lisichajiwe.

Gari lililoegeshwa miezi mingi likiwa tupu nalo ni la kuangaliwa kwa hadhari. Seli ikishuka chini sana ya volti 2.5, shaba iliyo ndani yake huanza kuyeyuka, na kuilazimisha ichaji huweza kuitoboa kwa ndani. Anayesafiri kwa msimu mzima aliache gari na chaji kati ya asilimia 30 na 50 na achomoe betri ndogo.

Kinachoichosha betri

Lithiamu inapochajiwa huingia kati ya tabaka za kinywe, madini yale yale yanayochimbwa Ruangwa, mkoani Lindi, na ambayo ndiyo sehemu kubwa ya upande hasi wa betri nyingi za magari. Juu ya kinywe huota utando mwembamba unaokilinda, lakini utando huo huendelea kunenepa mwaka hadi mwaka na kila unaponenepa humeza lithiamu ambayo haitarudi kazini. Joto huharakisha kazi hiyo. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka huifanya iwe ya haraka takriban maradufu. Chaji iliyojaa huiharakisha pia. Vikikutana viwili hivyo, joto na kujaa, betri huchoka hata gari likiwa limesimama.

Kampuni ya Geotab ya Kanada ililinganisha magari mawili ya mwaka 2015: Tesla Model S, ambayo betri yake hupozwa kwa kimiminika, ilikuwa ikipoteza wastani wa asilimia 2.3 ya uwezo kwa mwaka, na Leaf, isiyo na mfumo wa kupoza, asilimia 4.2. Betri ya Leaf ina uzito wa karibu kilo 300, na uzito huo ukishapata moto hukaa nao usiku kucha.

Hilo wenye Leaf wa Arizona, jimbo la jangwa kule Marekani, walilijua mwaka 2012, vistari vilipoanza kupotea mapema. Walikuwa miongoni mwa wapenzi wakubwa wa gari hilo, walioliagiza kabla hata halijafika madukani. Hawakuikana dalili, wala hawakulikimbia gari. Walikusanyika, wakaendesha magari yao kwenye njia moja kwa kasi moja, wakaandika matokeo. Nissan ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri, na kwa magari ya mwaka 2015 ikaleta seli zinazostahimili joto zaidi. Ninawataja kwa sababu kijiweni kwetu mapenzi hupimwa kwa jinsi mtu anavyokana kasoro.

Mwalimu naye alikuwa ameliharibu gari lake kwa kulipenda. Kila siku alirudi nalo saa saba mchana, betri ikiwa na moto wa barabarani, akalichomeka papo hapo hadi 100, kisha akalifunika kwa turubai la plastiki ili rangi isipauke. Chini ya turubai, juu ya saruji iliyokuwa ikiota jua tangu asubuhi, gari lilikaa limejaa na limechemka hadi kesho yake, na safari yake ya kawaida haikuwa hata kilomita 15. Miaka mitatu alifanya hivyo, bila kukosa siku.

Tulichobadilisha ni kidogo. Turubai liliondolewa, na gari likahamia chini ya mwembe, ambao kunguru wake wanamsumbua hadi leo. Uchaji ulihamishiwa saa nane usiku kwa kutumia saa iliyo ndani ya gari, na kwa kuwa kutoka 40 hadi 80 betri yake huhitaji yuniti 7 hivi ukutani, saa tatu za kuchaji zinamtosha. Chaji kamili imebaki kwa siku ya safari, nayo humalizika muda mfupi kabla ya kuondoka.

Asilimia 28 zilizopotea hazitarudi, na sikumwahidi. Betri nyingine iliyotumika ingemgharimu sehemu kubwa ya thamani ya gari, na bila kujua ilikaaje huko ilikotoka, angeweza kununua uchovu mwingine. Badala yake akatafuta suluhisho la njia. Akienda Lindi husimama Mingoyo kwa shemeji yake, huchomeka gari kwenye soketi tuliyoifunga barazani, na kwa saa mbili za mazungumzo hupata yuniti 4, zinazomfikisha akiwa na akiba. Kila mara huandika namba za mita kwenye lile daftari, kabla na baada, na humlipa shemeji yake yuniti alizotumia hata anapokataliwa.